Kilbowie, kwao cherehani ya mama

Cherehani ya mama ina kibati kidogo cha shaba kilichoandikwa 15K. Utotoni kule Tanga sikuwahi kuuliza maana yake. Nimeshakuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba K ni Kilbowie, mtaa wa mji wa Clydebank huko Scotland, kampuni ya Singer ilikokuwa na kiwanda chake kikubwa. Kwa hiyo Machi, nilipopata siku mbili za mapumziko Glasgow, mambo ya makasri niliwaachia wengine, nikapanda treni Queen Street kwenda kwao cherehani.

Safari yenyewe ni fupi. Partick, Hyndland, Anniesland, Drumchapel, Drumry, kisha dirishani likatokea bango: Singer. Ndilo jina la stesheni tangu 1907. Moyo ulinipiga, maana neno hilo nililisoma kabla sijajua kusoma, kwa herufi za dhahabu kwenye chuma cheusi, nikiwa nimekaa sakafuni naokota vipande vya kitambaa.

Nilishuka kwenye manyunyu na baridi. Kiwanda hakipo. Kilifunguliwa 1885, kikafika kuajiri watu zaidi ya 10,000, kikafungwa 1980 na baadaye kubomolewa. Palikuwa na mnara wa futi 200 wenye saa ya nyuso nne, kila uso kipenyo chake futi 26. Huo ulibomolewa mapema zaidi, 1963. Siku hizi kuna ofisi, maghala na magari yaliyoegeshwa. Nilizunguka pale karibu saa nzima nikitafuta hata ukuta mmoja wa kuugusa.

Nikateremka kwa miguu hadi jumba la makumbusho, ndani ya jengo la halmashauri ya mji, na huko ndiko nilikozikuta cherehani zenyewe. Moja ilikuwa pacha wa ile ya mama. Nilichuchumaa mbele ya kioo nikiitazama sindano.

Siri yote iko hapo. Sindano ya mkono ina tundu nyuma; hii ina tundu karibu na ncha. Ikizama kwenye kitambaa inashuka na uzi, na inapoanza kupanda uzi ule unalegea na kufanya kitanzi. Chini kuna ndoano inayozunguka nusu na kurudi, inakidaka kitanzi na kukipitisha nje ya bobini yenye uzi wa pili, nyuzi mbili zinakumbatiana, mshono umekaza. Elias Howe wa Marekani alipata hati miliki ya sindano ya namna hiyo pamoja na uzi wa pili wa chini mwaka 1846. Isaac Singer akaja 1851 na mashine iliyosimamisha sindano wima na kukibana kitambaa mezani. Howe alimshtaki na akashinda. Singer akalazimika kumlipa. Kabla yao, Mfaransa Barthélemy Thimonnier alikuwa ameshaweka mashine zake Paris kushona sare za jeshi, na mwaka 1831 mafundi wa kushona kwa mkono wakamvamia na kuzivunjavunja. Siwalaumu. Waliona mkate unaondoka mezani.

Kwetu cherehani ndiyo iliyouleta mkate. Mama aliinunua kuukuu kwa mke wa mwenye duka, akalipa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Baadaye nikasoma kwamba kuuza kwa malipo ya awamu ndiko kulikoitawanya Singer duniani tangu miaka ya 1850, kwa sababu familia chache zingeweza kutoa bei yote kwa mkupuo. Mama aliiweka barazani. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vimeungana, lazima vikatwe na kupindwa. Wanawake wa mtaa mzima walimletea yeye. Sare zangu za shule, daftari zangu na nauli yangu vilitoka kwenye pindo za kanga.

Ndiyo maana nilisimama muda mrefu kwenye habari ya Machi 1911. Wanawake 12 waliokuwa wakipaka na kung'arisha mbao za cherehani waligoma hapo Kilbowie, kwa kuongezewa kazi huku malipo yakipungua. Karibu kiwanda kizima kikawafuata. Mgomo ulishindwa, na wengi wakapoteza kazi. Meza ya mama ni ya baadaye sana, lakini mbao zake kila Ijumaa hupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya nazi, na sijawahi kuwaza kwamba kabla yake kulikuwa na mikono ya mwanamke mwingine ikisugua mbao za namna ile kwa ujira wa kubishaniwa.

Jioni, nikisubiri treni ya kurudi, nilimpigia.

"Shikamoo mama. Niko kwao cherehani."

"Marahaba mwanangu. Umewakuta wanatengeneza?"

Nikamweleza kwamba kiwanda kilifungwa, na mnara wa saa haupo. Akanyamaza. Yeye huipaka grisi na kuibadilishia mkanda kila ukikatika, na haijawahi kumpitia akilini kwamba walioiunda wameshaacha.

"Basi wape pole," akasema. "Waambie ya huku inashona. Subiri kwanza, mwenye kanga yake yuko mlangoni."

Hakukata simu. Aliiweka mezani, na pale kwenye stesheni ya Singer nikasikia gurudumu likianza kuzunguka.