Tarakimu ishirini kwa chaki

Nimerudi Dodoma jana jioni. Kabla sijatia ufunguo kwenye mlango wangu niliona chaki kwenye mlango wa jirani yangu, Bibi. Mafungu matano ya namba, kila fungu tarakimu nne, zimeandikwa kubwa na wima kama za ubaoni. Baada ya fungu la tatu kuna mstari mrefu uliokwenda upogo hadi karibu na bawaba. Ninajua mstari huo umetoka wapi, na ndio ulioniweka macho usiku huu.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Kisauni. Hapa Nzuguni, Dodoma, naishi mwaka wa tatu sasa. Kazi yangu ni kupima ardhi, na mji huu haumnyimi mpimaji kazi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kwa kweli mwaka 2016, na tangu hapo viwanja vinakatwa kila upande, hadi ndani ya mashamba ya uwele. Siku ya kwanza kazini nilibadili kanda ya ramani kwenye kipokezi changu cha setilaiti, kile kinachonionyesha mahali niliposimama. Mombasa iko kanda ya 37, Dodoma mjini iko ya 36, na mstari unaozitenga, ule wa nyuzi 36 Mashariki, unapita upande wa mashariki wa jiji. Ukisahau kubadili, bikoni zako, zile alama za mipaka ya viwanja, zinaangukia pasipo kiwanja wala mtu. Nikabadili, kipokezi kikatulia, kikanieleza nimesimama wapi kwa usahihi wa sentimita mbili. Nikaona ugeni umekwisha. Lugha ninayo, saa ni ileile, na M-Pesa iliyozaliwa kwetu Machi 2007 ilikwishafika huku mwaka uliofuata. Nitapungukiwa na nini?

Nilipungukiwa na maneno. Duka la kwanza niliomba kredo, na dada wa dukani akaniomba radhi kwamba hana, ilhali vocha zimening'inia nyuma yake. Kijana wa maji nilimuuliza till yake, akanijibu, "Lipa namba iko hapo ukutani kaka, mtandao gani?" Kwetu swali hilo ni nadra kulisikia, maana karibu watu wote wako mtandao mmoja. Hapa mtu ana laini mbili, tatu, na anajua ipi ina bando rahisi na ipi ina makato mepesi. Na kile nilichozaliwa nikikiita stima, hapa ni umeme, na tokeni zake, zile namba unazonunua na kuziingiza kwenye mita, ni LUKU. Nilipoambiwa kuwa LUKU ni Lipa Umeme Kadri Utumiavyo nililipenda jina hilo papo hapo. Sentensi nzima ya Kiswahili imesimama ukutani juu ya mita.

Ila maneno yaliyonikaa moyoni kuliko yote ni "jina litakuja". Mtu akikutajia namba umtumie hela, huongeza: jina litakuja fulani. Ni kukuondoa wasiwasi, usije ukaitupa hela kwa mtu baki. Kwa mgeni ni zaidi ya hapo. Mama wa genge la mboga niliyekuwa nikimwamkia kila jioni, simu ilinipa majina yake matatu, na la katikati ni la baba yake, mzee ambaye sitamwona kamwe. Bibi mwenyewe, ambaye milango yetu inatazamana, niliishi naye miezi minane nikimwita Bibi tu. Jina lake kamili nililijua kwenye kioo cha simu, siku niliyomtumia hela ya karanga. Nililisoma mara mbili kabla ya kuweka namba ya siri.

(Huko kwetu bibi ni mke, na mama wa mzazi ni nyanya. Nilipomweleza mama kwa simu kwamba kuna bibi wa jirani ananiletea mlenda, alinyamaza kitambo, nikamfafanulia upesi. Siku hizi humwita "nyanya wa Dodoma" na kunipa salamu zake kila Ijumaa.)

Ujirani wetu ulianza na mita. Jioni moja nilisikia hodi, nikafungua, nikamkuta Bibi ameshika kitochi chake kilichofungwa kwa mpira ili betri isichomoke. Namba zote kwenye vitufe zimefutika, imebaki tano peke yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hebu nisomee. Macho yameingia ukungu." Ulikuwa ujumbe wa LUKU. Mjukuu wake wa damu yuko Mbagala, Dar es Salaam. Ndiye humnunulia umeme na kumtumia namba.

Sikutaka kumdhania kuwa hajui kusoma, na nashukuru sikumdhania. Bibi alijifunza kusoma 1970, mwaka ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Alikuwa mke kijana, akitoka shamba anakwenda kukaa chini ya mbuyu na wenzake, na aliyewafundisha alikuwa kijana mdogo kuliko wao. Namba alizipenda kuliko herufi. Mpaka leo huweka vipande vya chaki kwenye kopo la maziwa, na kwa sababu kioo cha simu hakioni, huandika anachosomewa mlangoni, kwa ukubwa ambao macho yake yanaumudu. Kisha huenda kwenye mita polepole akitazama nyuma, anabonyeza fungu, anarudi, anabonyeza jingine.

Tukazoea. Mimi nasoma, yeye anaandika. Nilisema sufuri, akanisahihisha: sifuri. Nilisoma haraka, akanyanyua chaki nisubiri. Mwezi mmoja nikaona nimrahisishie: simu yangu ina programu inayosoma maandishi kwa sauti, nikaipa ujumbe wake. Ikalisoma fungu la kwanza kwa ufasaha kabisa, "elfu nne, mia saba ishirini na moja". Bibi akashusha mkono. "Hizo ni hela?" Programu haikukosea hesabu. Haikujua tu kwamba kuna mtu amesimama mlangoni na chaki, anahitaji nne, kisha nafasi, kisha saba. Nikaizima, nikaendelea mwenyewe.

Halafu ikaja Novemba 2024, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani wengi waliingiza namba zile bila kuambiwa sababu. Tarakimu za umeme si za kubahatisha. Ndani yake, pamoja na yuniti ulizonunua, imefichwa dakika ambayo namba hizo zilitengenezwa, ili mita ijue kama zimekwisha kutumika. Dakika hizo zilihesabiwa tangu Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kuzihesabu ina mwisho: zikifika 16,777,216 zimejaa. Zilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita yoyote ya utaratibu huo, popote duniani, isingepokea tena namba mpya kama haikuandaliwa mapema. Ndiyo maana kipindi kile ukinunua umeme ulipewa mafurushi mawili ya ziada, kila moja tarakimu ishirini, uyaingize kwanza kwa mpangilio, ndipo uingize umeme wenyewe. Jumla sitini.

Sitini za Bibi nilizisoma Jumamosi jioni. Mlango ulijaa, akahamia kwenye dirisha. Kila furushi lilipokubali alilipiga mstari chini, kama mwalimu anayemaliza somo, na tulipofika mwisho alinipa zabibu kwenye bakuli la bati, akaniambia nikae nile hapohapo.

Kesho yake mama akapiga simu kutoka Kisauni. Naye ameletewa sitini. Mita za Kenya zinafuata utaratibu uleule, na siku ya mwisho ilikuwa ileile. Mama anasoma vizuri, lakini mkono unamtetemeka na mita yake iko juu, lazima apande kigoda. Nilimwambia asipande. Nilikuwa Nzuguni, kilomita mamia, nikitoa amri kwa kigoda. Mwishowe akaja mtoto wa jirani, yuko gredi ya sita, akapanda yeye, mama akawa anamsomea. Walisahau kukata simu. Nilisikia kila tarakimu, nikasikia na mita ikilia kila kitufe kinapobonyezwa, na nyuma yao mwadhini wa msikiti wetu wa mtaa. Nilikaa kitandani simu sikioni, sina la kufanya, na machozi yalinitoka. Mtoto yule alikuwa amesimama mahali pangu. Jana yake mimi nilikuwa nimesimama mahali pa kijana wa Mbagala. Sijawahi kuonana naye, lakini tangu siku ile simchukulii kuwa mtu nisiyemjua.

Kuna jambo jingine kuhusu simu ya Bibi ambalo bado linanikera. Usiku mmoja alipata ujumbe ule ambao kila mwenye simu nchi hii ameupata: ile hela nitumie kwenye namba hii. Mimi huufuta bila kuumaliza. Bibi hakuufuta. Alisomewa na mtoto aliyepita, akaenda kulala nao. Asubuhi nilimkuta barazani hajala, anahesabu kwa vidole watu anaoweza kuwa anawadai au wanamdai. Alikumbuka kilo ya karanga ya miaka mingi nyuma, ya mama mmoja aliyekwisha kufariki, akawa anajiuliza kama ni wanawe sasa wanaidai. Wanaotuma ujumbe huo wanatafuta mtu mwenye hela na haraka. Hawajui kwamba njiani wanampitia mtu asiyeweza kulala na deni, wakamnyang'anya usiku mzima hata bila kupata shilingi. Nilikaa naye mpaka akanywa uji. Nilimweleza mara tatu kwamba hadaiwi. Mara ya tatu aliniuliza, "Una hakika?" nikamwambia nina hakika, na nilitamani kuwa na hakika ya namna ile ambayo kipokezi changu kinayo juu ya bikoni.

Sasa huo mstari wa chaki.

Siku chache kabla ya Idi nilipanda treni ya SGR kwenda Dar, nipate basi la Tanga na kuvuka mpaka wa Horohoro kwenda nyumbani. Tulikuwa tumekwisha kuziacha nchi kavu za Gogo, milima ya upande wa Kilosa imeanza, ndipo ujumbe ulipoingia kutoka Mbagala. "Kaka samahani, Bibi yuko gizani tangu jana, kitochi chake kinakataa kupokea meseji, kimejaa. Naomba umsomee." Chini yake, tarakimu ishirini.

Nikampigia. "Niko safarini Bibi, lakini namba ninazo."

"Ngoja nichukue chaki."

Nilisikia kopo likifunguliwa. Nikaanza, taratibu, kama tulivyozoeana. Fungu la kwanza. La pili. Mama aliyeketi kando yangu aliacha kumenya chungwa lake ili asinichanganye. La tatu, na nilipotamka tarakimu ya mwisho treni ikaingia kwenye handaki. Dirisha likawa kioo, nikajiona mwenyewe na simu, na sauti ya Bibi haikuwepo tena.

Sijui handaki lile lina urefu gani kwa saa. Kwa vipimo ni fupi, na treni ilikuwa ikienda kasi. Tulipotoka niliita, ikakataa. Niliita tena, tukaingia jingine. Mara ya tatu ikaita na kupokelewa kabla sijasikia mlio wa pili.

"Umekwenda wapi mwanangu? Nimesimama hapa mlangoni."

"Tulikuwa ndani ya mlima, Bibi."

"Ndani ya mlima." Alilirudia neno kama anayeliweka mahali. "Haya. Tumeishia sita."

Nikamalizia mafungu mawili. Simu aliiweka chini bila kuikata, kama mama alivyofanya, na nikasikiliza ndara zake zikienda na kurudi mara tano. Kisha mita ikalia ule mlio mrefu. "Imekubali," akasema kwa mbali, na nadhani alikuwa anaiambia nyumba, si mimi. Mama wa chungwa akashusha pumzi, akanipa vipande viwili.

Leo asubuhi nilimpelekea Bibi halua niliyoileta kutoka nyumbani, nikamuuliza kuhusu mstari. Akaniambia niliponyamaza hakuondoa mkono mlangoni, alijua nitaendelea, na chaki ikashuka yenyewe alivyokuwa akisubiri. Nilichukua kitambaa nimfutie mlango.

"Acha kwanza," akasema. "Yuniti hazijaisha."