Betri za droni zilivyokuwa zinanisaliti asubuhi Makete

Juni, saa kumi na mbili asubuhi, Makete, mkoani Njombe, kuna baridi ya kung'ata. Droni yetu ya kubeba sampuli za damu inapaa vizuri, betri inasoma asilimia 98, halafu dakika ya tatu inalia kwamba chaji imeisha na kugeuza yenyewe. Mchana, betri ileile inafika zahanati na kurudi bila tatizo.

Nikailaumu chaja, nikanunua nyingine. Hela ikapotea bure.

Jibu lilikuwa kwenye kumbukumbu za safari. Betri ya seli sita iliondoka na volti 25.2, droni ilipoanza kupanda mlima ikashuka hadi 20, na droni ikadhani chaji imeisha. Ilipotua na kupumzika, ikarudi 24. Yaani umeme umo, ila hautoki: baridi huongeza ukinzani wa ndani (kinachozuia umeme kutoka) wa betri za lithiamu. Isitoshe tuko juu ya mita 2,000, hewa ni nyepesi, mota zinavuta zaidi.

Nilichukua kasha la kubebea soda baridi, nikaweka chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kanga, betri pembeni bila kugusana nazo, mpaka kipimajoto kisome nyuzi 25. Kisha droni inaelea palepale sekunde 60, macho yangu kwenye volti, ndipo naiachia.

Betri mbili zilizotuna nilizistaafisha. Tangu hapo imegeuza njiani mara moja tu, na siku hiyo ulikuwa upepo.