Bodi za amplifaya za klasi D: joto kidogo tu, ila angalia pawasaplai!

Hizi bodi ndogo za amplifaya ya klasi D (ile inayowasha na kuzima umeme kwa kasi sana) zenye chipu ya TPA3116 mi nazipenda sana kwa spika za sebuleni, ufanisi wake unaweza kupita asilimia 90 yaani umeme mwingi unaenda kwenye spika badala ya kuishia kwenye joto, ndo maana hitsinki yake (bamba la kupozea chipu) ni kadude tu. Ila jamani angalia pawasaplai, kile kifaa cha kuipa bodi umeme! Ukiipa bodi volti 12 na spika ya omu 8 hutoboi wati 9 safi kwa kila upande, hata tangazo liseme 100. Ipe volti 24 uone besi inavyokaa.

Kingine, bodi nyingi za bei rahisi fidibaki (sauti inayorudishwa ndani ili amplifaya ijisahihishe) inachukuliwa kabla ya koili za njia ya kwenda kwenye spika, basi trebo inabadilika kutegemea spika uliyofunga. Ncore, amplifaya ya klasi D ya kampuni ya Hypex, kazi ya mhandisi Bruno Putzeys, inachukua baada ya koili, kwa hiyo trebo haiyumbi hivyo.