Kimbunga kikielekea Florida, ulizeni maji yatafika wapi

Ndugu zangu mliohamia huku Tampa Bay hivi karibuni, msimu wa vimbunga huanza 1 Juni na kuendelea hadi 30 Novemba, na najua swali mtakaloulizana kwenye makundi ya WhatsApp: "Kinakuja kwetu au hakiji?" Nawaomba msiishie hapo. Kimbunga kinaweza kisije kwenu, na bado maji yakaingia sebuleni.

Wengi wetu tumekulia karibu na ikweta, ambako nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia ni hafifu mno kuufanya upepo ujizungushe. Ndiyo maana kimbunga Hidaya, kilipofika karibu na Mafia Mei 2024, kiliwashtua watu wengi. Hatukurithi mazoea ya kufuatilia mambo haya, basi inatubidi tujifunze ukubwani, na tujifunze haraka.

Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichopo Miami hutoa taarifa kamili mara nne kwa siku. Kwa saa zetu za Kiswahili ni saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni na saa 5 usiku. Humo ndimo inamotoka ile picha ya koni mnayoiona kwenye televisheni. Koni huonyesha njia inayotabiriwa ya kitovu cha kimbunga peke yake, si ukubwa wa dhoruba wala madhara yake. Tena hata kitovu chenyewe hubaki ndani ya koni takriban mara mbili katika kila tatu. Nyumba yako ikiwa nje ya koni, hujaambiwa kwamba uko salama.

Daraja la kimbunga nalo lina mipaka yake. Ile namba ya 1 hadi 5 hupima kasi ya upepo tu. Haikwambii mvua itanyesha kiasi gani, wala bahari itapanda kwa kimo gani. Kimbunga Ike cha 2008 kilifika Texas kikiwa daraja la 2, na maji yake yakafagia Rasi ya Bolivar. Katika vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga Marekani kati ya 1963 na 2012, karibu tisa kwa kila kumi vilitokana na maji.

Mwaka 2024 ulitufundisha hapa hapa. Septemba 26 kimbunga Helene kilitua kule Big Bend, pwani iliyo kaskazini yetu, baada ya jicho lake, yaani kitovu, kupita mbali baharini, zaidi ya kilomita 150 kutoka kwetu. Hata hivyo ghuba yetu ilijaa maji hadi kuvunja rekodi za vipimo vyake vya sasa, na mitaa ya ufukweni ikazama usiku. Wiki mbili baadaye, Oktoba 9, Milton kilitua Siesta Key, kusini yetu, kwa daraja la 3, na ghuba ile ile ikakauka.

Sababu inaeleweka ukiifuatilia. Upande huu wa dunia upepo wa kimbunga huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Kimbunga kikipita baharini magharibi yetu, upepo huyasukuma maji kuja bara, na kwa kuwa bahari ya pwani hii ina kina kifupi hadi mbali, maji hayo hayana pa kwenda ila kupanda. Kikipita kusini, upepo hutoka bara na kuyasukuma maji nje. Mkiuona mchanga umebaki wazi, msishuke kwenda kutembea wala kupiga picha, kwani maji hurudi.

Milton hakikuishia hapo. Kilimwaga zaidi ya milimita 400 za mvua kwenye mji wa St. Petersburg hapa ghubani, na saa kadhaa kabla hakijatua, vimbunga vidogo vya nchi kavu vilizuka pwani ya pili kabisa ya Florida, kaunti ya St. Lucie, vikaua watu sita.

Kwa hiyo mimi natazama ramani mbili kabla ya koni. Ya kwanza ni ya kimo cha maji ya bahari juu ya ardhi. Ya pili ni ya saa ambayo upepo wa kilomita 63 kwa saa utaanza kufika, maana kuanzia hapo kupanda ngazi kuziba madirisha ni hatari na madaraja huanza kufungwa. Onyo la kimbunga hutolewa saa 36 kabla ya upepo huo. Mwenye watoto au mgonjwa asingoje onyo.

Jueni pia eneo lenu la kuhama. Kaunti zimeyapanga kwa herufi, na A ndiyo ya kwanza kuamriwa kuondoka. Wengi husita wakidhani lazima waendeshe gari hadi Georgia. Hapana. Unayakimbia maji, na nyumba imara ya rafiki iliyo mwinuko, mwendo wa kilomita thelathini tu, mara nyingi inatosha.

Jambo moja linanihangaisha sana: mama zetu waliokuja kulea wajukuu. Arifa za dharura kwenye simu huja kwa Kiingereza na Kihispania. Mama akiwa peke yake na mtoto na wewe uko kazini, simu italia na yeye hataelewa imesema nini. Kaa naye mapema, mweleze kwa Kiswahili mtaondoka lini, kwa gari la nani, na jirani yupi atagonga mlango.

Na umeme ukikatika, jenereta ikae nje, mita sita au zaidi kutoka kwenye milango na madirisha. Moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi, na huua familia nzima usingizini hata baada ya kimbunga kupita. Msiiweke gereji, hata mlango wa gereji ukiwa wazi.