Mlango wa kutokea niliupata kwenye njia ya juu

Watu wakinisifu kanisani kwamba nina imani kubwa najisikia vibaya, maana imani hiyo hiyo nilikuwa nayo miaka yote niliyokuwa narudi nyumbani nikiyumba kwa pombe. Kilichobadilika ni njia ninayopita saa kumi alasiri. Naandika kwa sababu msimu wa korosho umeanza tena huku Masasi, na nina hakika kuna ndugu anaambiwa maneno niliyoambiwa mimi: "Omba tu, kaza imani." Niliomba. Nilikaza. Nikaanguka maombi yakiwa bado mdomoni.

Ambaye hakukulia kusini aelewe kwanza. Korosho huning'inia chini ya tunda lake, bibo, na msimu ukikolea, Oktoba na Novemba, mabibo yanaanguka shambani madebe kwa madebe. Tunaokota, tunanyofoa korosho, zinakwenda ghalani kusubiri mnada, bibo linabaki. Likikamuliwa, siku ya kwanza ni maji matamu ya kumpa mtoto. Yakilala yanachachuka, na huo ndio uraka. Ukichemshwa na mvuke wake ukakingwa, unapata nipa. Harufu hiyo inakaa kila mahali, hata kwenye shati ulilovaa.

Tena uraka hauhitaji fedha mkononi. Mkamuaji anataka mabibo, na mwenye shamba anayo. Akikuokotea, jioni unapewa chako. Mimi nina mikorosho hamsini na kitu, kwa hiyo sikukosa chombo hata siku moja, na nikitaka zaidi naandikiwa deni mpaka mnada ulipe. Mwaka mmoja nilichota korosho kwenye gunia la nyumbani, bakuli moja moja, nikauza kangomba, yaani kwa wanunuzi wa kichinichini nje ya mnada, kwa bei ya kutupa. Mke wangu akaona gunia limelegea. Hakunipigia kelele. Alisema, "Baba, hizi zilikuwa sare za watoto." Sauti ile ninayo hadi leo.

Kanisa letu la Anglikana halikunifundisha kwamba tone la pombe ni dhambi, na sibishani na mtu anayeweza kikombe kimoja akaamka kwenda kwake. Mimi siwezi. Paulo ameuweka ulevi kwenye orodha ile ya Wagalatia 5, na mimi nilikuwa ndani ya orodha hiyo huku naimba sauti ya tatu kwenye kwaya.

Basi ndugu mmoja tunayesali naye akanishauri nijitenge. "Nenda shambani peke yako, funga kavu siku tatu. Yesu alikwenda jangwani." Nikabeba mkeka na Biblia, nikahamia kibanda cha shambani, katikati ya Oktoba. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri kiasi cha kunidanganya. Niliimba, nililia, nikajiona nimeshavuka. Usiku sikulala. Mabibo yalikuwa yanadondoka gizani, pu, pu, na kila likipasuka harufu inapanda. Asubuhi ya pili nilikuwa nimekauka ulimi, kichwa kinagonga, mikono inatetemeka. Mchana wakaja akina mama kuokota kama kawaida yao, maana sikuwa nimewaambia wasije. Yule mkubwa wao ni kama bibi yangu. Nikamwamkia, shikamoo bibi, akaitikia, marahaba mjukuu wangu, mbona umekonda hivyo? Akanimiminia maji ya bibo kwenye kata, ya asubuhi ile ile, matamu, akanionea huruma kwa moyo safi kabisa. Nilijiambia haya si pombe. Na kweli hayakuwa pombe. Lakini ulimi ulikumbuka. Jua linapozama nilikuwa nimekaa nao mtungini, kwenye uraka wa jana yake, Biblia iko juu ya mkeka, na niliporudi nyumbani nilibebwa.

Yule ndugu aliposikia akasema sikufunga kwa imani. Maneno hayo yaliniumiza kuliko kuanguka kwenyewe. Baadaye, nimetulia, nikaisoma Mathayo 4 polepole. Yesu aliongozwa na Roho. Mimi nilitumwa na mtu. Na mjaribu alimjia Bwana alipoona njaa, ndivyo ilivyoandikwa. Sasa mimi, mtu dhaifu, nimejipeleka mwenyewe na njaa na kiu mpaka chini ya mkorosho! Yusufu hakukaa chumbani akimwombea mke wa Potifa. Aliacha vazi, akatoka mbio.

Aliyenisaidia ni mjomba wangu, kaka wa mama, na ni Mwislamu. Kwetu hilo halishangazi, nyumba moja ina Ijumaa na Jumapili. Nilimwendea kwa sababu mjomba ndiye mzazi, na hakuwahi kugusa pombe maisha yake yote. Nilimweleza yote, hata bakuli za korosho. Alinyamaza sana, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu kanisani aliyekuwa ameniuliza: "Mjomba, unapita wapi ukitoka shamba?"

Nilikuwa napita bondeni, kwenye vilabu vya pombe. Kuna njia ya juu, nyuma ya mlima wa mawe, inaongeza kama nusu saa na ina miiba. Akasema nipite huko, nishukie barazani kwake, nikae naye mpaka atoke kuswali magharibi, ndipo niende kwangu. Saa zangu mbaya zilikuwa kumi mpaka kumi na mbili, akazifunika zote.

Mabibo nilichimbia shimo. Vijana wawili niliwalipa kama elfu kumi na tano hivi, na ugali. Kila siku yakishanyofolewa yanaingia shimoni na udongo juu, sasa ni mbolea. Bibi alikasirika, akasema nazika riziki za watu. Maneno yake yaliniuma, maana ananipenda. Nikamlipia gunia la unga msimu huo, lakini mabibo yangu sikumpa. Fedha za mnada anachukua mke wangu. Na kuomba sikuacha. Naomba asubuhi, nikiwa na akili zangu, nataja saa na njia kwa majina.

Wakorintho wa kwanza, 10:13, pameahidiwa mlango wa kutokea. Nilikuwa nadhani mlango huo ni nguvu fulani itakayonishukia nikiwa nimeshakaa mtungini.

Huu ni msimu wa tatu. Mjomba miguu inamsumbua siku hizi, hakai sana barazani, kwa hiyo anapiga simu. Jana saa kumi na nusu iliita. Hakusalimu hata. "Uko njia gani?"

"Ya juu, mjomba."