Hii siyo ile: gemu ya vifaru na Steam Deck ya kaka

Kaka alirudi kutoka Muscat wiki moja kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu. Kwenye begi la mkononi, chini ya kanzu za watoto na kopo la halua (kana kwamba Wete hawapiki halua), akatoa Steam Deck, mashine ya gemu ya kushika mkononi. Akanikabidhi kama anayempelekea fundi saa mbovu.

"Wewe ndiye mtu wa kompyuta. Niwekee ile gemu yetu ya vifaru."

Gemu hiyo ina mambo yake nyumbani kwetu. Msimu mmoja wa karafuu, mwishoni mwa miaka ya 1990, mimi na yeye tulichambua karafuu za watu usiku kwa usiku, kwa malipo ya pishi, mpaka vidole vikanuka makonyo na kila tulichokila kikawa na ladha ya karafuu. Pesa kaka alizitia kwenye kopo la maziwa. Lilipojaa akaenda dukani Chake Chake, akarudi na dude la plastiki lenye pedi mbili, adapta ya volti 9 na kaseti ya njano iliyojigamba kuwa ina gemu 9999. Zilikuwa kama ishirini. Zilizobaki ni zile zile zimebandikwa majina mengine. Na katika hizo ishirini, sisi tulicheza moja.

Jina lake hasa ni Battle City, ya kampuni ya Kijapani ya Namco, ya mwaka 1985. Sisi tuliijua kwa jina la vifaru tu. Ina hatua 35, kila hatua maadui 20, na chini katikati ya skrini amekaa tai wa kulindwa, ambaye sisi tulimwita kuku. Kuku akipigwa, basi, hata uwe umebakiwa na roho ngapi. Mnacheza wawili upande mmoja, na hapo ndipo penye utamu na ugomvi, kwa sababu ukimpiga mwenzako hafi, anaganda palepale alipo mpaka risasi za adui zimkute. Kaka alinigandisha utoto wangu wote.

Dude lile lilikufa kidogo kidogo. Adapta ya kwanza iliungua, ya pili ikaungua. Siku hizo umeme wa Pemba ulikuwa bado ni wa majenereta ya Wesha, maana waya wa baharini kutoka Tanga ulifika mwaka 2010, na taa zilikuwa zikipanda na kushuka kama mtu anayepumua. Kisha chumvi ikaila miguu ya kaseti. Tukawa tunaipuliza kwa mdomo kila tukitaka kucheza, na leo naamini mate yetu ndiyo yaliyoimaliza.

Kwa hiyo ombi la kaka nililichukua kwa uzito. Nilianza na njia ya halali na ya uvivu: mwaka 2020 Bandai Namco waliiuza upya gemu hii ndani ya mkusanyiko wa Namco Museum Archives Vol 2, na unapatikana Steam, duka la gemu la mtandaoni. Kaka akalipa kwa kadi yake, ukashuka kwa bando langu, tukakaa mkekani. Akafa hatua ya pili. Yaani kaka, ambaye hatua ya pili alikuwa akiipita huku anamenya chungwa. Akajaribu tena, akafa tena, akaiweka chini.

"Hii siyo ile."

Nilimwambia ni utu uzima. Alinitazama jicho ambalo sikuliona tangu nilipompotezea baiskeli. "Hawa wana haraka," akasema. "Hata kile kimuziki cha kuanzia kina haraka."

Nilikwenda kulala nikimcheka, na usiku huo huo, baada ya kusoma saa mbili, nikajua alikuwa sahihi na mjinga ni mimi.

Jambo lenyewe lilikuwa kwenye televisheni. Gemu hii ilitengenezwa Japani, na televisheni za Japani, sawa na za Marekani, zilifuata mfumo wa NTSC, takriban picha 60 kwa sekunde. Zetu za chogo zilikuwa za PAL, picha 50. Sasa gemu za enzi ile hazina saa nyingine ya kutazamia, zinahesabu picha. Kifaru kinasogea hatua moja kila baada ya picha kadhaa, basi. Ukiiendesha gemu ya picha 60 kwenye mashine ya picha 50, kila kitu kinapungua mwendo kwa sehemu moja ya sita: maadui, risasi, muziki, hata muda wa kuganda. Dude letu lilikuwa nakala isiyo rasmi ya mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo, na kama mengi ya namna ile, lilitengenezwa kwa ajili ya nchi za PAL. Mikono ya kaka ilijifunza kwenye gemu iliyopunguzwa mwendo, na hakuna aliyetwambia.

Kwenye ule mkusanyiko sikuona pa kubadilisha kitu kama hicho. Ikabidi niingie kwenye emulata, yaani programu inayojifanya mashine ya zamani. Steam Deck ni kompyuta kamili inayotumia mfumo wa Linux, hilo wengi hawalijui. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia ukakishikilia, inakuletea chaguo la kwenda kwenye dawati la kawaida, na humo kuna duka la programu za bure liitwalo Discover. Nikachukua emulata ya RetroArch. Ipo EmuDeck inayokupangia kila mashine ya zamani kwa mkupuo mmoja, lakini kwa gemu moja niliona ni kukodi lori kubeba kikapu. Faili la gemu yenyewe lina baiti 24,592. Ujumbe wa sauti wa shangazi wa kuuliza tu hali ni mkubwa kuliko hatua zote 35 za vifaru. Haki ya gemu ni ya wenyewe mpaka leo. Kaka alikuwa ameshainunua, roho yangu ikatulia hapo.

Ndani ya RetroArch unachagua kiini, yaani ile sehemu inayoigiza mashine fulani. Nilitumia Mesen. Kwenye chaguo zake kuna mahali pa kanda, yaani mashine ya eneo gani la dunia, na ukiacha ile ya kujichagulia yenyewe, kuna tatu: NTSC, PAL na Dendy.

NTSC ilikuwa haraka ile ile. Nikaweka PAL, nikamwita kaka. Mwendo akaukubali papo hapo, mabega yakashuka. Halafu akakunja uso. "Lakini ina mafua."

Kweli, sauti ilikuwa nzito. Mashine rasmi ya Nintendo iliyouzwa Ulaya haikupunguza picha peke yake, hata mapigo ya chipu yake kuu yalishuka, kutoka MHz 1.79 (yaani mapigo milioni 1.79 kwa sekunde) hadi 1.66, na kwa kuwa sauti inazalishwa na chipu hiyo hiyo, nayo ikateremka kwa kitu kama asilimia 7. Asilimia 7 katika sauti si mchezo, ni zaidi ya nusu hatua. Kaka hasomi noti lakini masikio yake ni makali. Ni mtu wa kusikia injini ya daladala akakwambia plagi ipi imechoka.

Ikabaki Dendy, neno ambalo sijawahi kulisikia popote Pemba wala Unguja. Kumbe ni jina la mashine iliyouzwa Urusi kuanzia mwaka 1992, nayo ni ya nakala kama letu, na waandishi wa emulata wamelichukua jina hilo kuita ukoo mzima. Waliozitengeneza chipu za nakala hizo walikuwa werevu kwa njia ya ajabu: walitaka picha 50 ili televisheni zikubali, ila mapigo ya chipu wakayaacha kwenye MHz 1.77, karibu kabisa na ya Japani. Mwendo wa polepole, sauti ya asili. Mchanganyiko huo haukuwahi kuwepo kwenye mashine yoyote rasmi. Ulikuwepo kwenye madude ya dukani kwetu.

Nikachagua Dendy, nikaongeza sauti, nikaanzisha hatua ya kwanza. Kaka hakuwahi kusema kitu. Mama alikuwa uwani anakuna nazi, na mbuzi akanyamaza.

"Hilo dude si nilisema litupwe?"

Mama hajapata kuitazama gemu ile hata dakika moja. Ameisikia tu, kupitia ukutani, miaka minne.

Ningependa kusema kazi ikaisha. Kulikuwa na tatizo la kukwama: skrini ya Deck hii, ile ya mwanzo ya LCD, inaonesha picha 60 kwa sekunde na gemu sasa inatoa 50, kwa hiyo kila picha ya tano inaoneshwa mara mbili na vifaru vinatembea kama vinapita juu ya mizizi. Hili nililitatua kwa bahati. Kwenye kitufe cha nukta tatu, upande wa utendaji, skrini hiyo unaweza kuipangia popote baina ya Hz 40 na 60, yaani picha kwa sekunde. Nikaiweka 50, nikaiambia na RetroArch kuwa skrini ni 50, mizizi ikaondoka. Watu wengi hutumia sehemu hiyo kubania betri kwenye gemu nzito.

Kisha uchelewaji wa vitufe. Hapa nilipoteza usiku mzima na sijuti. Televisheni ya chogo ilionesha picha kadiri mashine inavyoichora. Vifaa vya sasa vinaiweka foleni kwanza, na kwa picha 50 kila picha unayosubiri ni milisekunde 20. RetroArch ina ufundi wa kukabiliana na hilo: inaiendesha gemu picha moja mbele kimyakimya, inakuonesha matokeo, kisha inarudi nyuma pale ilipokuwa na kufanya hivyo tena kwa kila picha. Kupima ni rahisi. Niliunganisha kibodi, nikaisimamisha gemu kwa P, nikashikilia kitufe cha kwenda mbele, kisha nikabonyeza K kuivusha picha moja moja huku nahesabu ni ya ngapi kifaru kinajongea. Picha zinazopotea hapo ndizo unazoweza kuzirudisha. Ukizidisha, gemu inaanza kuruka ruka. Mimi niliweka moja nikaacha.

Vifaru kuwayawaya vikijipanga msitari mmoja sikuvigusa. Mashine ya zamani haikuweza kuchora zaidi ya vipande 8 vinavyotembea katika mstari mmoja, na emulata inakuruhusu kuondoa kikomo hicho. Niliondoa, picha ikatulia, kaka akauliza kwa nini maadui hawapotei tena. Nikarudisha.

Televisheni ya sebuleni ya inchi 43 ilitushinda. Deck ikiunganishwa nayo ilibaki kwenye 60, kukwama kukarudi, na televisheni yenyewe ikaongeza uchelewaji wake hata baada ya kuiweka kwenye hali ya gemu. Pengine kuna njia ya kuizunguka. Kaka aliizima kabla sijaitafuta, akaweka Deck juu ya kigoda, akachomeka pedi mbili za waya za USB tulizonunua mjini, na wanaume wawili wenye mvi tukainamia skrini ya inchi 7.

Usiku wa Idi umeme ulikatika baada ya Isha. Zamani huo ndio ungekuwa mwisho, na kosa la aliyekuwa anaongoza. Safari hii mwanga pekee ukumbini ulikuwa wa vifaru. Kipimo kilionesha mashine inakula wati 6 hivi, betri yake ni ya saa-wati 40, ilikuwa imejaa. Watoto wa kaka walikuja kukaa nyuma yetu maana simu zao zilikuwa zinaisha chaji. Tulikuwa hatua ya 11, roho mbili mbili, na kifaru kinachometameta kimeanza kuteremka upande wangu.

"Baba," akauliza yule mdogo, "mbona gemu yenu inakwenda polepole hivi?"

Kaka hakumjibu. Alikuwa ameshanigandisha mbele ya kuku.