Nilivyompeleka mama Barbados bila viza ya Uingereza wala ya Marekani

Wakala wa kwanza aliniambia viza ya Barbados huchukua wiki sita, na nimlipe yeye ada ya kuifuatilia. Wa pili akasema bila viza ya Marekani nisahau kabisa. Wote wawili walikosea, na bado wako mjini wanawaambia watu hayohayo. Mama yangu ana miaka 68, anatoka Kisauni, na kabla ya safari hii hakuwahi kupanda ndege.

Mdogo wangu ameolewa Barbados, kisiwa cha Karibea. Mimba yake ilipofika miezi mitano mama alisema neno moja tu: "Arubaini yake sitaikosa." Nikaanza kupanga siku hiyohiyo.

Mwenye pasipoti ya Kenya haombi viza kwenda Barbados kutembea. Anaruhusiwa hadi miezi 6. Watanzania na Waganda vilevile. Ni mambo ya Jumuiya ya Madola: kisiwa kile kilikuwa cha Mwingereza tangu 1627 hadi uhuru wa 30 Novemba 1966, na tarehe hiyohiyo mwaka 2021 kikamwondoa Malkia na kuwa jamhuri. Kwa hiyo ile ada ya "kufuatilia viza" ilikuwa ya kufuatilia kitu kisichokuwepo.

Taabu iko njiani. Kutoka Nairobi hakuna ndege ya moja kwa moja, na kila nchi unayobadilishia ndege ina sheria yake. Mimi nilijifunza kwa hasara. Wakala wa kwanza alinipatia tiketi iliyopungua bei ya nyingine kwa kama shilingi elfu thelathini kila mmoja, nikalipa arbuni. Usiku nikakaa kitandani naisoma ile karatasi mstari kwa mstari. Tunafika London, Heathrow. Tunaondoka London, Gatwick. Nikaisoma tena. Ni viwanja viwili tofauti, na kati yao ni zaidi ya kilomita 60 za barabara! Yaani mama yangu atoke uwanjani, apite uhamiaji wa Uingereza, achukue mizigo, apande basi, aanze upya. Asubuhi nikampigia wakala. Akanijibu, "Dada, nyinyi mnapita tu, wapita njia hawaulizwi." Si kweli. Mkenya anahitaji viza ya Uingereza hata akibadilisha ndege bila kutoka uwanjani, seuze kutoka. Na viza hiyo inataka alama za vidole, fomu na kungoja, kwa watu wawili, mtoto naye tumboni hangoji. Nikavunja safari. Ile arbuni, kama elfu ishirini, sikurudishiwa hadi leo.

Huyu wa pili alitaka tupitie Miami. Marekani haina sehemu ya kungojea ndege bila kupita uhamiaji. Hata unayebadilisha ndege saa mbili tu lazima uwe na viza yao. Sikurudi kwake.

Nikaacha kuuliza "ndege gani rahisi", nikauliza "nchi gani hainidai viza ya kupita". Uholanzi ina orodha ya mataifa ambayo raia wake lazima wawe na viza hata kwa kukaa ndani ya Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam. Niliipitia jina kwa jina, Kenya haimo. Sharti ni moja, usivuke uhamiaji wao. Na ili usivuke, tiketi lazima iwe moja kutoka Nairobi hadi Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, kwenda na kurudi, mizigo ipite yenyewe. Ukinunua tiketi mbili za bei nafuu kwa mashirika mawili, mizigo yako huenda ikaishia Amsterdam na wewe huna ruhusa ya kutoka kuifuata. Hizo ndege za Amsterdam kwenda Bridgetown nilizipata kwa sababu ilikuwa majira ya baridi ya Ulaya, wakati wao wanakimbilia jua. Tulilipa laki mbili na nusu kila mmoja, na kitu juu.

Kadi ya homa ya manjano nayo ilinipotezea siku nzima. Barbados wanaitaka kwa anayetoka Kenya, na chanjo iwe imepita siku 10. Mama alikuwa nayo tangu 2012, alipochanjwa kwa safari iliyokufa. Kwenye kadi pameandikwa mwisho ni 2022. Kliniki niliyompeleka wakataka kumchoma upya, na umri wake ule. Nikakataa. Tangu Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinasema chanjo hii ni ya maisha, hata kwa kadi za zamani zenye tarehe ya mwisho. Nilichapisha ukurasa huo wa Shirika la Afya Duniani nikaubana nyuma ya kadi.

Basi Nairobi, kaunta ya ndege. Kijana akafungua pasipoti ya mama, akapekua kurasa tupu, akauliza, "Viza iko wapi, mama?" Mama akanitazama. Nikamwambia taratibu: "Kaka, ingiza kwenye mfumo wenu: pasipoti Kenya, kupitia Amsterdam, mwisho Barbados, kisha tusome pamoja." Akaandika. Akasoma kimya, midomo inatikisika. Akamwita mkubwa wake, naye akasoma. Kisha akaomba tiketi ya kurudi na kadi ya manjano, akageuza ile karatasi ya nyuma, akatikisa kichwa kukubali. Lebo za mizigo zilipotoka nikamwomba anioneshe herufi: BGI, alama ya uwanja wa Bridgetown, kwenye kila moja. Hapo ndipo nilipovuta pumzi.

Kiti cha magurudumu niliomba wakati wa kulipa tiketi, hakina malipo. Schiphol ni kubwa, mzee asitembezwe. Tulifika alfajiri, na Januari kule kunakucha karibu saa tatu. Mama aliwahi swala kwenye chumba cha ibada ndani ya uwanja, bila kuvuka mpaka wa mtu.

Nguo za madoadoa ya kijeshi acheni nyumbani, hata kofia ya mtoto. Barbados ni kosa kwa raia. Umeme wao ni volti 115 na plagi za Kimarekani. Dola 2 zao ni dola 1 ya Marekani, siku zote. Fomu ya kuingia tuliijaza kwenye simu kabla ya kusafiri.

Afisa wa uhamiaji Bridgetown alimuuliza mama atakaa siku ngapi. Nilimtafsiria. Mama akajibu kwa Kiswahili, akinyoosha vidole vinne: "Arubaini." Nikasema siku 40, za uzazi wa binti yake. Afisa, mwanamke wa makamo, akatabasamu, akagonga muhuri.

Jioni hiyo mama mkwe wa mdogo wangu alikuwa jikoni anasonga. Chakula chao kikuu kinaitwa cou-cou: unga wa mahindi na bamia, huliwa na samaki anayeruka. Wanausonga kwa ubao mrefu mwembamba. Mama alisimama mlangoni na mjukuu begani, akautazama ule ubao, akaniambia, "Mwiko huo." Akanipa mtoto, akanawa mikono, akaupokea kutoka kwa yule bibi bila hata neno moja la lugha ya pamoja, akaendelea kusonga pale alipoachia mwenziwe.